Nina laki saba, nipo Uyole: PS4 ya mtumba au kompyuta ya gemu?

KijanaUyole
Wakuu, mugonile. Nimejibana miezi minane nimefikisha laki saba. Nimechoka kulipia kila mechi kibandani, nataka kucheza nyumbani. Mpira ndio ugonjwa wangu, ila GTA V, ile gemu ya magari na uhalifu, nayo naipenda. Nichukue PS4, ile mashine ya gemu ya Sony, au niunge kompyuta? Mdogo wangu yuko kidato cha tano, kila siku anaulizia kompyuta.

FundiMwanjelwa
Chukua PS4, kaka. Hiyo imetoka 2013, RAM GB 8, na gemu ikiandikwa PS4 inacheza, huna haja ya kuumiza kichwa na kadi wala prosesa. Diski ukiichoka unabadilishana na mwenzako au unaiuza.
Ila kabla hujatoa hela, washa gemu ya mpira, halafu iweke padi mezani usiiguse. Mchezaji akianza kutembea mwenyewe, kijiti cha kushoto kimeshalika ndani. Sikiliza na feni. Ikivuma kama mashine ya kusaga, vumbi limejaa, na vumbi la kiangazi hapa Mbeya unalijua.

DadaIpogolo
Fundi, hapo nakupinga. Nilikuwa na PS4, sasa niko na deskitopu ya ofisi, mtumba, nimepachika kadi ya picha, GTX 1050 Ti. Kadi hiyo ni ya wati 75, nyingi zinavuta umeme kwenye bodi yenyewe, kwa hiyo pawasaplai, kile kifaa cha kugawa umeme ndani, sikubadilisha. Angalia tu kasha, yale membamba yanataka kadi fupi.
Gemu ya mpira ya eFootball ni ya bure kotekote tangu 2021. Lakini GTA ya mtandaoni kwenye PS4 mpaka ulipie PS Plus, usajili wa Sony, kwenye kompyuta hulipii. Na mchana nachapa kazi za watu kwenye mashine hiyohiyo. Kwa kweli mdogo wako ningemsikiliza.

MdauTukuyu
Dada, na bando je? GTA V kwenye kompyuta inapita GB 100! Mwenye PS4 anachomeka diski, sehemu kubwa inaingia bila intaneti, zinabaki nyongeza.

DadaIpogolo
Kweli ndugu yangu, bando liliniumiza. Nilichofanya, rafiki yangu alikuwa ameinunua Steam, duka la gemu la mtandaoni, na mimi pia, nikanakili folda yake kwenye diski ya nje. Nilipoiweka kwangu, Steam ikaikagua na kushusha kidogo kilichopungua.

FundiMwanjelwa
Hapo sina ubishi, kama ana mwenzake wa karibu mwenye gemu hiyo. Ila yoyote utakayochukua, tenga hela ya UPS, betri inayoshikilia umeme ukikatika. Umeme ukikatika wakati gemu inajihifadhi, unaweza kupoteza ulipofikia. Nimeletewa PS4 ambazo kila zikiwashwa zinarudia kukagua diski, haziendi mbele.

KijanaUyole
Asanteni sana. Jirani yangu mmoja ana GTA kwenye kompyuta, leo jioni namfuata. Jumamosi nashuka Mwanjelwa na mdogo wangu, tutaangalia zote mbili. Dada, kasha la deskitopu yako lina upana gani?