Naombeni ushauri wapendwa, kusamehe ndo kuacha kudai haki?

Wapendwa habari zenu. Kuna mwenzangu tunasali wote, nilimwachia hela ya kikundi akaila, mwaka wa pili huu. Nimefuata Mathayo 18 kama ilivyo, nikamwendea mwenyewe, kimya, nikaenda na mashahidi wawili, akasema atalipa, hola, nikapeleka kwa wazee wa kanisa nao wakaniambia "mpatane tu, samehe 7 mara 70" wakatushikanisha mikono mbele ya watu wakapiga makofi, mkono wake ulikuwa umelegea kama kitambaa na macho yako chini. Hela hakuna aliyeitaja!

Sasa mi najiuliza, Zakayo yule mtoza ushuru kwenye Luka 19 mbona alisema anarudisha mara nne kwa aliowadhulumu, hakuishia kuomba radhi? Na Askofu Tutu kule Afrika Kusini kwenye ile Tume ya Ukweli na Maridhiano ya 1996, ya makosa ya enzi za ubaguzi wa rangi, mtu alitakiwa aseme ukweli wote kwanza ndo afikiriwe msamaha. Kinyongo sina kivile (kidogo kipo, sidanganyi) ila wanakikundi wananidai mimi.

Nirudi kwa wazee au niende kwa mchungaji? Kumshtaki mahakamani, Paulo kwenye 1 Wakorintho 6 ananikwamisha, anakemea waumini kushtakiana. Waliopitia hili mlifanyaje?