Mjadala: Raia wa India aliye nje, kura imfuate au yeye aifuate?

Karani wa Stoo (mtoa mada)

Wakuu, habari za majukumu. Mada ya leo si ya kwetu, ila nimelala nayo chumba kimoja.

Niko Dubai mwaka wa saba sasa, stoo ya vifaa vya mabomba. Ninayepokezana naye zamu ni mtu wa Kerala, kusini mwa India, na tunapanga chumba kimoja mtaa wa Deira, vitanda sita. Aprili 2024 mama yake alimrushia picha WhatsApp: kile kikaratasi cha mpiga kura ambacho ofisa wa uchaguzi kwao anakipitisha nyumba kwa nyumba. Jina lake lipo, namba yake ya daftari ipo, na jina la shule atakayopigia kura lipo. Jamaa akaikuza picha kwa vidole, akasoma, akaniambia, "Shule hii ndiyo niliyosomea." Kisha akavaa viatu tukaenda kazini.

Kura ya Kerala ilikuwa Ijumaa tarehe 26. Idi ilishapita wiki mbili nyuma, wenye likizo walishaitumia. Kumuomba bosi ruhusa nyingine ili ukatie wino kidole, labda uwe na ujasiri ambao mimi na yeye hatuna.

Kwa wasiojua sheria yao. Ile ya mwaka 1950 inamtaka mpiga kura awe mkazi wa jimbo lake. Ukiondoka kwenda kubeba zege Sharjah, kisheria wewe si mkazi tena. Mwaka 2010 Bunge likaongeza kifungu cha 20A: raia aliye nje kwa kazi, masomo au jambo jingine, na ambaye hajachukua uraia wa nchi nyingine, anaandikishwa kwenye jimbo la anwani iliyo kwenye pasipoti yake. Anajaza Fomu 6A. Kifungu kikaanza kutumika Februari 2011. Ila siku ya kura aende mwenyewe, mguu kwa mguu, na pasipoti yake halisi mkononi.

Sasa tazama kilichozaliwa. Serikali yao yenyewe inasema raia wake walio nje ni zaidi ya milioni 13. Mwaka 2019 walioandikishwa hawakufika laki moja, waliopiga wakawa 25,606, karibu wote wa Kerala. Mwaka 2024 walioandikishwa wakapanda hadi 119,374 na waliopiga wakaporomoka hadi 2,958. Kati ya hao 2,670 ni Kerala tena. Punjab, Gujarat, Tamil Nadu na India yote iliyobaki wamegawana 288!

Kerala wanawazidi wenzao kwa sababu wana ndege za kura. Vyama vya Wakerala wa Ghuba, hasa vile vinavyoegemea chama cha Muslim League, vinakusanya watu, vinatafuta tiketi za bei ya jumla, mnapanda pamoja na kushuka uwanja wa ndege wa Karipur, karibu na mji wa Kozhikode. Nimeona video zao, ni shangwe tupu, utadhani wanakwenda harusini. Lakini mtu ambaye mshahara wake ni wa kubeba mabomba, hata tiketi ya bei ya jumla ni tiketi.

Msimamo wangu: wapewe kura ya posta kama askari wao. Askari wa India na wafanyakazi wa balozi zake wana mfumo tangu 2016. Karatasi inatumwa kwa mtandao, mtu anaichapisha, anaweka alama, anairudisha kwa posta. Mwaka 2019 walioandikishwa humo walikuwa kama milioni 1.8 na karatasi zilizorudi zilikuwa kama asilimia 60. Si haba. Novemba 2020 Tume yao ya Uchaguzi iliiandikia Wizara ya Sheria kwamba iko tayari kuwaongeza raia wa nje humo. Chaguzi za 2021 za mabunge ya majimbo makubwa kama Kerala zikapita, uchaguzi mkuu wa 2024 ukapita, karatasi hakuna.

Kitu nisichokitaka ni ule muswada mwingine, wa kumteua mtu nyumbani akupigie kura kwa niaba yako. (Sisemi wakala wa chama anayekaa kituoni, msinichanganye. Ni mtu anayeshika kura yako.) Lok Sabha, bunge lao la chini, iliupitisha Agosti 2018, haukupita Rajya Sabha, lile la juu, ukafa Bunge lilipovunjwa 2019. Na ulale salama. Baba mwenye wana wanne Doha angetoka nyumbani asubuhi na kura tano mfukoni.

Haya, karibuni.

Mkaanga Chipsi

Mkuu, mimi napinga moja kwa moja. Ukiondoka umeondoka. Mtu anaishi Dubai kwenye maji ya bomba na umeme usiokatika, halafu amchagulie mbunge mtu wa kijijini anayesubiri barabara? Tena pato lake la Dubai halikatwi kodi India. Asiyekula mezani asichague mboga.

Karani wa Stoo

Maji ya bomba yapo, tunayauza. Vitanda sita chumba kimoja, nimeshasema.

Hoja ya kodi ingekuwa nzito kama India ingekuwa inampa kura mlipa kodi ya mapato tu. Haifanyi hivyo. Mkulima asiyelipa hata rupia ya kodi hiyo anapiga kura kifua mbele, na ndivyo inavyotakiwa. Nilitaka kukurushia zile dola kama bilioni 120 zilizoingia India mwaka 2023 kutoka kwa watu walio nje, hakuna nchi duniani iliyopokea nyingi kuliko hizo. Nimejizuia, maana nikisema pesa inanunua kura nitakuwa nimerudi kwenye hoja yako. Pesa ile inakwenda jikoni kwa mama. Nasema hivi tu: huyu jamaa hajahama. Hapa Emirates hana njia ya kawaida ya kuwa raia, hata akikaa miaka thelathini. Viza yake ni ya mwajiri. Siku kazi ikiisha anarudi kwenye jimbo lile lile, barabara ile ile.

Mjukuu wa Kisutu

Naomba niweke sawa kitu kabla hakijaharibika, maana naona kuna watu wanasoma "Wahindi wa nje" wananikumbuka mimi.

Babu yangu alikuja Dar es Salaam na jahazi kutoka Gujarat. Mimi ni Mtanzania, napiga kura Upanga, na India sina kura wala siidai. India hairuhusu uraia pacha. Hata ile kadi ya OCI wanayowapa watu wenye asili yao, inakuruhusu kuingia na kukaa, sanduku la kura huligusi. Tukijumlishwa sisi na raia wao, ndipo unasikia hesabu za milioni 30 na kitu.

Anayehusika na mada hii ni mhasibu wangu. Amekuja na kibali cha kazi miaka mitatu iliyopita, mke na mtoto wako Rajkot. Nilimuuliza juzi kama anajua Fomu 6A. Hakuwahi kuisikia. Akaniuliza, "Na tiketi nani analipa?" Nikamjibu wewe. Akarudi kwenye vitabu vyake.

Mwanasheria wa Kijiweni

Mtoa mada umepita mbio kwenye udanganyifu. Nikupe kisa cha Kerala hiyo hiyo. Uchaguzi wa Bunge la Kerala 2016, kiti cha Manjeshwaram mpakani na Karnataka. P. B. Abdul Razak wa Muslim League alimshinda K. Surendran wa chama cha BJP kwa kura 89. Themanini na tisa! Surendran akaenda Mahakama Kuu na madai kwamba kuna kura zilipigwa kwa majina ya marehemu na ya watu waliokuwa Ghuba siku hiyo. Kesi ikaburuzwa, Razak akafariki 2018 ikiwa bado haijaamuliwa, mwaka uliofuata Surendran akaiondoa mwenyewe.

Kwa hiyo madai hayakuthibitishwa. Lakini ona mahali penyewe palivyo pembamba. Jimbo la Attingal, Kerala, 2024 mshindi kapita kwa tofauti ya kura 684. Mumbai Kaskazini Magharibi kwa kura 48. Sasa wewe unataka mabunda ya bahasha kutoka Jeddah yatue kwenye jimbo la tofauti ya kura 48, na aliyezitia alama hakuna aliyemuona akizitia.

Karani wa Stoo

Wakili, kisa chako kinanisaidia mimi. Kinachodaiwa Manjeshwaram ni kwamba jina la mtu lilikuwa daftarini, mwenyewe hayupo, mtu mwingine akalitumia. Jina lililokaa bure ndilo linaloibwa. Kama karatasi yake ingekuwa imetumwa Jeddah, jina lake kituoni lingekuwa na alama kwamba huyu keshapelekewa, na mwizi angeliambiwa arudi nyumbani.

Kuhusu kutoonekana akitia alama, nakubali, hilo ni tundu. Askari naye haonekani, lakini askari ana kamanda. Hata hivyo hilo la kamanda silipendi sana nikilifikiria.

Fundi Rangi (Mombasa)

Kwani kuna shida gani kuweka sanduku pale konsoleti? Sisi Kenya 2022 tulipiga kura nje katika nchi 12, na hiyo Emirates na Qatar zikiwemo. Waliojiandikisha walikuwa kama elfu kumi tu, nchi nzima ya diaspora, lakini mlango uko wazi.

Mwanasheria wa Kijiweni

Ndugu yangu wa Mombasa, nyie huko nje mlipiga kura ya rais peke yake. Karatasi moja, majina yale yale London na Doha. India waziri mkuu hachaguliwi na mwananchi, unachagua mbunge wa jimbo lako, na majimbo yako 543. Sanduku la Dubai lingehitaji karatasi za aina 543, zenye wagombea tofauti, na upigaji wenyewe ni wa awamu. 2024 walikwenda awamu saba. Ndiyo maana wanazungumzia kupakua karatasi kwa mtandao, kila mtu ya kwao. Ufaransa walikata shauri wakawapa watu wao wa nje wabunge wao 11 tangu 2012. India hawajafika huko na sioni chama kitakachokubali kuhesabu viti upya.

Bi Mkorofi

Nimewasoma wote. Wanaume watupu, nahisi, maana hamjauliza karatasi hiyo itachapishwa wapi.

Nilifanya kazi za ndani Muscat miaka minne. Tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja kutoka Andhra. Pasipoti zetu zilikuwa kabatini kwa mama mwenye nyumba, simu tunapewa baada ya vyombo vya usiku. Karani anasema mtu anapakua, anachapisha, anatia alama, anapeleka posta. Yule dada alikuwa hajui hata posta iko upande gani. Angemuomba nani amchapishie? Mtoto wa bosi? "Naomba nitolee karatasi ya kura ya siri"?

Mwenye kompyuta ofisini atapiga kura hiyo ya posta, daktari, mhandisi, mhasibu wa Kisutu. Sisemi wasipewe. Nasema msilitaje jina la mbeba zege kila mkitaka kumpa kitu mhandisi.

Mkaanga Chipsi

Bi Mkorofi umemaliza kazi. Na niongezee: India kwenyewe kuna watu wasiovuka hata mpaka na hawapigi. Mtu wa Bihar anayejenga Kerala au anayefuma nguo Surat, kituo chake kiko Bihar, treni siku mbili. Januari 2023 Tume iliwaita vyama iwaonyeshe mashine ya kupigia kura ya jimbo lako ukiwa jimbo lingine, vyama vikaguna, mpaka leo iko pale pale. Na mwaka 2025 walipohakiki daftari la Bihar, rasimu ilitoka bila majina kama milioni 6.5, kuna waliofariki, kuna waliojirudia, na kuna walioandikwa kuwa wamehama. Waanze na hao. Dubai baadaye.

Karani wa Stoo

Chipsi, foleni ya haki hupangi wewe, ila la Surat nimelipokea. Sikuwa nimeliweka kwenye mizani.

Bi Mkorofi, umenikalisha. Jamaa yangu ana simu na printa ya stoo ipo, nilikuwa naandika nikimuona yeye. Nimemsomea ulichoandika akacheka, akasema dada yake mwenyewe yuko Salalah, Oman, kwenye nyumba ya watu, hawajawahi kuongea habari za kura hata siku moja.

Ila sikubali kwamba haiwezekani. Hii ni Tume ambayo imekuwa ikifungua kituo kizima katika msitu wa Gir kwa ajili ya mpiga kura mmoja, mtunza hekalu, kati ya simba. Mwaka 2024 waliwafuata nyumbani na sanduku wazee wa miaka 85 na kuendelea na wenye ulemavu. Wakitaka wanafika. Tuseme basi wachapishaji wawe konsoleti na ubalozini, karatasi ya kila mtu itolewe pale pale, atie alama nyuma ya pazia, isiende posta wala kwa mtoto wa bosi. Na iwe Ijumaa, siku ya mapumziko Oman, kila mtu apate kutoka. Hapo unasemaje?

Bi Mkorofi

Ijumaa ndiyo siku wageni wanakuja kula. Sisi Ijumaa ndiyo tulikuwa hatutoki.