Wakuu naomba ushauri, kijana wa mteja wangu Mwamishi ananipeleka pabaya

Dereva_Majita:
Wakuu habari za jioni, naomba tusitaniane maana usingizi wenyewe sipati. Niko Marekani, Lancaster kule Pennsylvania, kazi yangu naendesha vani nabeba Waamishi. Wale Wakristo wa kofia za majani wanaoishi kizamani, barabara zote huku unatambaa nyuma ya magari yao meusi ya farasi. Gari hawamiliki wala hawaendeshi ila kupanda la mtu kwa kulipa hawana shida, mnapatana kwa maili. Na yeyote asiye wa kwao wanamwita Mwingereza, kwa hiyo mimi Mjita mweusi ti mwaka wa nne huu ni Mwingereza.

Sasa kuna mzee ndiye mteja wangu mkubwa, watoto tisa, nampeleka sokoni, nampeleka hospitali, baada ya Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani ya Novemba, nampeleka milimani na wenzake kuwinda kulungu. Mwaka jana nimelala nao kibandani siku nne nimevaa koti la rangi ya chungwa kama fundi wa barabara, wazee wanacheka mpaka wanashika mbavu, usiku wanacheza karata za Dutch Blitz utafikiri wanagombana. Watu wazuri sana. Kijana wake mmoja anapenda besiboli kupita kiasi. Kila Jumamosi jioni nampeleka mji wa jirani akacheze, na baba anajua tumeenda kuvua samaki. Je nimwambie mzee au ninyamaze?

Mama_Tunda:
Uongo ni uongo kaka yangu, uwe wa samaki uwe wa mpira. Wewe ni mtu mzima, mzee kakuamini na mtoto wake. Kasome Mithali.

Kipanga_Mweusi:
Swali la muhimu, hao samaki mnarudi nao au mnapitia supamaketi?

Dereva_Majita:
@Kipanga_Mweusi siku mbili tumenunua. Naomba tuwe serious.

Mwana_wa_Bukiroba:
Umenikumbusha mbali mkuu. Sisi watu wa Mara hao ndugu zao Wamennonite tunawajua, wamisionari walitoka huko huko Lancaster wakatua Shirati 1934, ndio mwanzo wa KMT, Kanisa la Mennonite Tanzania. Babu yangu alikuwa mpiga ngoma hodari, akaokoka, ngoma akaizika kweli kabisa, alichimba shimo nyuma ya zizi. Mavuno yakifika wenzake wakipiga kijiji cha jirani yeye anatoka nje anakaa kwenye jiwe, vidole vinacheza gotini. Bibi anasema mwaka mmoja alilichimbua lile shimo akakuta mchwa wamemaliza ngozi, mzee akalia kama amefiwa. Kwa hiyo mimi huyo kijana namuelewa.

Mama_Tunda:
Ngoma za mila na mpira ni vitu viwili tofauti.

Sista_Ohio:
Dereva, mimi nalea wazee huku Holmes County, Ohio, Waamishi ndio majirani zangu. Michezo hawakatai jamani, watu wanadhani wanakaa tu wanasali. Vijana wanacheza voliboli jioni nzima, bwawa likiganda wanateleza na hoki wanacheza, na wa huku kwa kuangalia ndege hakuna anayewaweza, mkulima anasimamisha farasi katikati ya shamba atoe darubini mfukoni. Kwa hiyo swali langu ni moja. Huyo kijana ana miaka mingapi?

Dereva_Majita:
21. Mtu mzima huyo dada.

Sista_Ohio:
Amebatizwa au bado?

Dereva_Majita:
Hilo sidhani kama linahusika, mimi nauliza kuhusu kumwambia baba yake.

Kipanga_Mweusi:
Hahaha huyo kabatizwa.

Sista_Ohio:
Linahusika kuliko yote uliyoandika. Hawa hawabatizi watoto, ugomvi wa wazee wao wa imani na wenzao tangu 1525 kule Zurich ulikuwa huo huo, mtu anaapa mwenyewe akiwa na akili zake. Kuanzia miaka 16 kijana anaingia rumspringa, yaani kipindi cha ujana cha uhuru, anatoka na wenzake, hajawa chini ya Ordnung, zile sheria za kanisa lao, wazazi wengine wanafumba macho. Akishabatizwa amepiga magoti mbele ya kanisa zima akaahidi. Ligi ya jezi na namba mgongoni kwa aliyebatizwa ni kosa la kanisa, anaweza kuitwa akaungama mbele ya watu, na akikaidi anatengwa. Sasa jibu.

Dereva_Majita:
Sawa. Alibatizwa mwaka jana mwezi wa 10. Sikuandika kwa sababu najua mngenirukia. Ila nieleweni, mimi nilianza kumpeleka kabla hajabatizwa, mwaka mzima, baba alikuwa anajua na hakusema kitu. Akabatizwa maana kuna binti, na bila kubatizwa hawafungishwi ndoa. Akaacha kabisa. Mwezi wa 4 akaja nimpeleke dukani, tukapita uwanjani watoto wanapiga, akaniambia simamisha kidogo. Tulikaa pale saa nzima hajashuka. Mngemuona mikono yake wakuu. Wiki iliyofuata ndio tukaanza tena, anavulia kofia na suspenda ndani ya vani anavaa jezi, kifaa chake cha kupigia kiko chini ya siti yangu. Mimi ningefanyaje? Na mchezo sio pombe wala wanawake, ni mpira tu.

Mama_Tunda:
Kwa hiyo umeshaamua, hapa umekuja kutafuta wa kukupigia makofi.

Dereva_Majita:
Sijaamua mama. Ila nimeshapokea nauli ya msimu mzima.

Mzee_wa_Tabata:
Nauli umekula, kijana mkalishe kwenye benchi la mbele. Mimi nilikuwa namwambia mke wangu naenda kikao cha ukoo kumbe naenda kwenye bao, miaka sita. Siku ya siku kaja mwenyewe pale kijiweni kaniletea chai kwenye chupa, akaiweka pembeni ya bao, akaondoka hajasema neno. Tangu siku hiyo nikishika kete mkono unatetemeka. Bora angetukana.

Sista_Ohio:
Na jina analichezea lipi? Maana ligi ina orodha, na Lancaster kila mtu anamjua kila mtu.

Dereva_Majita:
Hapo ndipo penyewe. Fomu nilijaza mimi. Nilimwandikia jina langu. Anacheza kama Magesa.

Kipanga_Mweusi:
NAKUFA. Mzungu wa kofia ya majani anaitwa Magesa. "Namba kumi na mbili, Magesaaaa".

Buda_Nakuru:
Wasee mi nilikuwa nasoma poa mpaka hapo kwa Magesa. Hii ni chai, tena ya maziwa. Na kuna kitu iko off kutoka mwanzo, nilifika Lancaster 2019 na buggy za Waamish wa huko ziko na paa ya grey, si nyeusi. Nyeusi ni za Ohio. Huyu jamaa ameona video tu.

Mama_Tunda:
Nilijua! Na mimi nimepoteza Mithali yangu bure.

Mwana_wa_Bukiroba:
Na mimi nimemtoa babu yangu kaburini kwa ajili ya hadithi ya kutunga. Dereva jibu hoja.

Mzee_wa_Tabata:
Mimi stori yangu ya bao ni ya kweli lakini.

Dereva_Majita:
Buda uko sawa na hauko sawa. Za Waamishi wa huku ni za kijivu kweli. Nyeusi ni za Wamennonite wa farasi, wale wa kundi la Groffdale, nao nawabeba, njia ninayokaa wamejaa wao, hapo mwanzo nimechanganya kwa haraka. Ukitaka kuwatofautisha angalia watoto, wa Kimennonite wanaendesha baiskeli, wa Kiamishi wa Lancaster wanasukuma skuta kwa mguu maana baiskeli itawapeleka mbali na nyumbani. Hilo huwezi kulipata kwenye video.

Mtoto_wa_Uvira:
Bandugu mimi niko Lancaster hapa hapa, sisi Bakongomani tuko wengi. Ya skuta ni kweli. Ya Magesa sijui, lakini mudogo wangu anacheza ligi moja ya hapa na anasema kuna muzungu mumoja akipiga mupira haurudi, na haongeagi na mutu.

Buda_Nakuru:
Account yako imefunguliwa lini boss? Isiwe ni yeye huyo huyo amevaa jezi.

Sista_Ohio:
Iwe chai isiwe chai, Dereva, kijana akikamatwa wewe utapoteza mteja, yeye atapoteza harusi.

Dereva_Majita:
Harusi ni Novemba. Alisema msimu ukiisha anaacha.

Mama_Tunda:
Wote husema hivyo.

Dereva_Majita:
Wakuu. Mzee amepiga sasa hivi, ile simu yao ya kwenye kibanda cha shambani, wala huwa hapigi usiku. Anauliza Jumamosi vani ina nafasi ya mtu mmoja. Nikamuuliza wa kwenda wapi mzee, akasema, kuvua samaki.

Kipanga_Mweusi:
😳😳

Buda_Nakuru:
Picha ya mzee uwanjani ama hatuamini.

Sista_Ohio:
Picha hawapigwi.

Buda_Nakuru:
Si nilijua tu.