Fairphone 2: kava la NFC nililotengeneza linaizima simu kila nikilifunga

kavajipya:

Wakuu, salaam. Natumia Fairphone 2, ile iliyotoka mwisho wa 2015. Sina mpango wa kuiacha, ila haina NFC, ile ya kusoma kadi na kulipa kwa kusogeza simu karibu. Nikaona nitumie ile poti ya upanuzi iliyo chini ya kava la nyuma, ambayo kwa ndani ni USB 2.0.

Ndani ya kava la akiba nimebandika bodi yenye chipu ya NFC ya PN532, maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) STM32F103 ya kuiunganisha na USB, na antena niliyoizungusha kwa mkono. Pini za springi ndizo zinazogusa poti. Nikichomeka kwenye kompyuta kwa kebo, mambo safi, kadi inasomeka kutoka sentimita nne. Nikifunga kava kwenye simu, mara tatu kati ya tano simu inazima na kujiwasha upya. Isipozima, basi kifaa hakionekani. Kimeonekana mara moja tu, na hapo kadi ilisomeka ikiwa imelalia kabisa juu ya kava.

Nimeweka kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kidogo) ya mikrofaradi 470 kwenye njia ya volti 5 ili umeme utulie. Niongeze nyingine? Halafu, programu za malipo zitaitambua hii NFC zenyewe, au kuna mahali pa kuiwasha?

bi_lehemu:

Ng'oa hiyo kapasita kwanza, tutasalimiana baadaye.

Kapasita tupu, kwa kile kipande kidogo cha sekunde inapoanza kujaa, haina tofauti na shoti. Na hizo volti 5 simu inazitengeneza kwa kuzipandisha kutoka kwenye betri ya volti 3.7. Ukifunga kava unaiambia ijaze mikrofaradi 470 kwa mkupuo mmoja. Volti zinaporomoka, simu inadhani betri imekwisha, inazima. Kwa kanuni za USB, kifaa kinachochomekwa hakitakiwi kuionyesha simu zaidi ya mikrofaradi 10. Mimi naweka 4.7, pamoja na ndogo za nanofaradi 100 kando ya miguu ya umeme ya kila chipu.

Sikucheki, maana nimepita humo humo. Kava langu la kwanza lilikuwa la taa za infraredi, simu iwe rimoti. Nikalishindilia kapasita nikidhani naisaidia betri, halafu wiki mbili nzima nikawa naisingizia fimuwea yangu, yaani programu ya ndani ya chipu. Nilikuja kuelewa siku nilipochoka, nikazing'oa zote kwa hasira, na kava likafanya kazi.

La kifaa kutoonekana, chukua plagi ya USB ile pana uitazame ndani kwenye mwanga. Utaona vipande vinne vya shaba: viwili vya pembeni, vya umeme, vimesogea mbele kuliko viwili vya kati vya data. Ni makusudi, ili umeme ufike kabla ya maneno kuanza. Sasa pini zako za springi zina urefu mmoja, na kava unalibana upande mmoja kwanza, upande wa pili baadaye. Pini ipi inatangulia kugusa ni bahati nasibu, na zinarukaruka kabla ya kutulia.

STM32F103 inafanya jambo liwe baya zaidi. USB inajua kuna mgeni pale D+, waya mmoja wa data, inapovutwa juu na rizista ya kiloomu 1.5, na kwenye bodi nyingi za chipu hiyo rizista imelehemiwa moja kwa moja. Kwa hiyo bodi yako inapiga hodi hata haijasimama vizuri. Simu inamuuliza mgeni jina, mguso unakatika, simu inasusa. Hamia STM32F042. Rizista hiyo iko ndani yake na unaiwasha kwa programu, tena haihitaji kristali ya nje ya kuipigia saa, na ndani ya kava hiyo ni nafasi ya bure. Ikiwaka, iache inyamaze milisekunde 300 ndipo ipige hodi.

Kama huna moyo wa kuchora bodi upya, toa ile rizista kwenye volti 3.3 uihamishie kwenye mguu mmoja wa chipu ulio wazi. Mguu ukae bila kazi mwanzoni, halafu uupandishe ukiwa tayari. Haipendezi macho, ila inafanya kazi.

soma_tag:

Najibu la malipo: hapana, na hakuna mahali pa kuiwasha.

Android ina njia yake ya NFC, inayoanzia kwenye chipu aliyoiweka mtengenezaji wa simu na kupanda hadi kwenye programu. Chipu yako imekuja kwa mlango wa USB, kwa hiyo kwa mfumo ni kifaa cha USB basi. Programu ya malipo ikiuliza kama simu ina NFC, jibu ni haina. Utakachoweza ni kuandika programu yako mwenyewe ya kuongea na bodi kupitia UsbManager, sehemu ya Android inayoshughulikia vifaa vya USB, ambayo ipo tangu Android 3.1. Haihitaji draiva (programu ya kuendesha kifaa) wala kuruti simu, yaani kujipa mamlaka yote ya mfumo. Kusoma na kuandika tagi (vibandiko vya NFC) utafanya vizuri kabisa.

Tangaza namba za utambulisho wa USB za kifaa chako kwenye manifesti ya programu (faili la maelezo yake), la sivyo utaulizwa ruhusa kila ukifunga kava na utalichukia kava lako mwenyewe. Na namba za kifaa usiokote tu kwenye mfano wa mtu. Mradi ukiwa wa wazi, tovuti ya pid.codes wanagawa bure chini ya namba ya mtengenezaji 0x1209.

pini_sita:

Mimi niko kwenye PinePhone, simu ya Linux. Pini zake sita za nyuma zina I2C (njia ya nyaya mbili ya kuongea na chipu), na PN532 inaongea I2C yenyewe, kwa hiyo hakuna maikrokontrola hapo kati. Kwenye Linux draiva ipo tayari. Sisemi ubadili simu, nasema tu.

bi_lehemu:

@pini_sita na sisi wenye USB tunachomeka kibodi na inakubali papo hapo. Kila mtu na mzigo wake.

@kavajipya nilisahau lile la umbali. Kwenye kompyuta antena yako ilikuwa hewani. Kwenye simu imelalia betri, na ndani ya betri kuna metali. Uga wa sumaku wa antena, wa 13.56 MHz, ukipiga metali unazalisha mikondo inayoupinga, na antena nayo inatoka kwenye masafa yake. Weka karatasi ya feriti (inayoukinga uga usifike kwenye metali) kati ya antena na betri, halafu chagua upya kapasita za kutuni kava likiwa limefungwa kwenye simu. Ukituni mezani umejidanganya.

kavajipya:

Dada, nimerudi. Kapasita nimeing'oa, simu haijazima hata mara moja. Rizista nimeihamishia mguu mwingine kama ulivyosema, nimefunga na kufungua kava mara ishirini, limeonekana mara kumi na tisa. Feriti bado naitafuta. La malipo limeniuma, ila afadhali kujua.

Kuna jipya: betri inashuka haraka. Nimepima, bodi inakula miliampea 110 muda wote.

bi_lehemu:

Umeacha uga wa antena unawaka. Miliampea 110 kwa volti 5, ukitoa na hasara ya kupandisha, ni kama 165 kwenye betri. Betri ya miliampea-saa 2420 itakwisha kwa saa kumi na nne na ushee simu ikiwa haifanyi lolote lingine. Washa uga milisekunde chache, mara mbili kwa sekunde, kisha ilaze PN532. Simu ikizima kioo na USB ikasinzia, laza na maikrokontrola, maana hapo ruhusa ya USB ni miliampea 2.5 tu.

Na hiyo ya ishirini iliyogoma, kagua pini ya ardhi. Yangu ilikuwa imejaa uzi wa mfukoni.