Nimeambiwa "vipele" si jibu. Mnaelezeaje ngozi?

Rotesheni_Mbeya
Habari za jioni wakuu. Nasomea utabibu, niko mwaka wa 3, tuko rotesheni (zamu ya mafunzo wodini) ya ngozi hapa Mbeya, na leo nimeumbuka. Kaletwa mtoto wa miaka 6 kutoka pande za Uyole. Nikajitokeza kifua mbele: "Mgonjwa ana vipele vyekundu mwili mzima." Daktari bingwa akaniuliza taratibu, "Vipele gani? Na huo wekundu umeuona wapi?" Nikamtazama mtoto upya. Mweusi tii. Wekundu niliutoa kitabuni, si kwenye ngozi yake. Wenzangu wakainama kama wanafunga kamba za viatu.

Makula, papula, nodula, vesikula, plaki, nimezikariri wiki nzima. Nikisimama mbele ya mgonjwa zinayeyuka. Nyie mnazishikaje? Tafadhali msiniambie nikasome, nimesoma.

Mstaafu_Mafinga
Kamwene, mwanangu. Mimi nimestaafu, lakini ngozi za watu wa Makete na Njombe nimezishika miaka mingi. Nilisomea Moshi, kile kituo cha ngozi cha hospitali ya KCMC kilichoanza 1992.

Tatizo lako ni kwamba unatumia macho peke yake. Fumba macho, pitisha kidole. Kidole kikipita bila kukwama popote, lakini ukifumbua unaona rangi imebadilika, hiyo ni makula. Ikipanuka kuzidi sentimita 1, tunaiita baka. Ule utangotango wa vijana wa Kyela, kwenye joto na jasho, ndio mfano wake: mabaka yaliyofifia kifuani na mgongoni, ukikwangua kidogo yanatoa unga mwembamba.

Kidole kikikwama, kuna kitu kimeinuka. Sisi tulipima kwa nafaka. Kuanzia punje ya ulezi hadi njegere, ni papula. Kikiwa kipana na bapa kama kifuniko cha soda, ni plaki. Kikiwa kimezama, unakiviringisha chini ya ngozi kama kokwa, ni nodula. (Vitabu vingine vinaweka mpaka kwenye nusu sentimita, vingine sentimita 1. Shika kinachotumiwa na bingwa wako, usibishane naye.)

Halafu jiulize ndani kuna nini. Maji maangavu: lengelenge dogo ni vesikula, kubwa ni bula. Usaha: pustula.

Kuhusu wekundu. Ngozi yetu ikiwaka huwa inakolea tu, au inaelekea zambarau, au kahawia ya kijivu. Msogeze mgonjwa dirishani, linganisha na upande wa pili wa mwili, weka mgongo wa mkono usikie joto. Tochi ya simu inadanganya.

Sasa rudi kwa huyo mtoto. Vipele viko wapi hasa? Anawashwa saa ngapi? Analala na nani?

Rotesheni_Mbeya
Shikamoo mzee. Nimekimbia wodini tena. Ni vidogo kama ulezi kweli, vimeinuka, vikavu, vingine vimekwaruzwa hadi vina vigaga. Viko katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni na kwenye uume. Usiku halali kwa kujikuna. Analala na bibi yake na mdogo wake, blanketi moja, si unajua baridi ya Julai. Mdogo naye ameanza.

Mstaafu_Mafinga
Marahaba. Unaona? Jina la ugonjwa umeshalisema bila kulitaja. Huo ni upele wenyewe, ule wa wadudu (scabies). Tafuta kwenye vidole kimstari chembamba kilichopinda, ndimo mdudu anamochimba. Na huyo mdogo, kama bado mchanga, mtazame nyayo, viganja na kichwa pia.

Dawa ya kupaka ya kuua wadudu, permethrini au BBE (benzili benzoeti), nyumba nzima siku moja, anayewashwa na asiyewashwa. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Na mwambie mama kuwasha kunaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata wadudu wakiwa wamekufa, la sivyo atampaka mtoto kila siku mpaka ngozi iungue.

Na nawa mikono, usije ukapeleka mzigo bwenini.

Dada_wa_Dawa
Niongezee kutoka duka la dawa hapa Mwanjelwa. Kabla hamjaelezea chochote, ulizeni mgonjwa amepaka nini. Choa kwa kawaida kina pete, ukingo umeinuka na una magamba, katikati pamepoa. Mtu akishapaka krimu ya steroidi (ile ya kutuliza uvimbe na mwasho) wiki tatu, pete inapotea, magamba yanapotea, fangasi anaendelea kutanuka kimyakimya. Mnakuja kuona kitu kisichofanana na picha yoyote. Mtawauliza, watasema "nilipaka mafuta tu". Waambieni walete tyubu.

Na mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu. Yanataka vidonge, griseofulvini wiki 6 hadi 8. Wazazi hawapendi kusikia hivyo.

Intern_Iringa
Mzee kasema yote. Mimi naongeza moja: ukikuta baka lililofifia, chukua uzi wa pamba uligusishe huku mgonjwa amefumba macho. Asiposikia, fikiria ukoma, usimpe dawa ya fangasi ukamwacha aende.

Rotesheni_Mbeya
Asanteni sana. Asubuhi nimeandika kwenye faili: "Papula nyingi, kavu, zenye mikwaruzo na vigaga, katikati ya vidole, viwikoni, kiunoni na kwenye uume, kuwasha huzidi usiku, ndugu yake ana dalili hizo hizo." Bingwa akasoma, akafungua ukurasa unaofuata. Kwake hiyo ni sifa.

Mama kachukua dawa ya watoto wote wawili na yake. Bibi kakataa kupaka, anasema yeye hawashwi.

Mstaafu_Mafinga
Mara ya kwanza mtu anaweza kukaa na wadudu wiki 4 hadi 6 kabla hajaanza kuwashwa. Mwite bibi.