Umehamia mji mgeni huku umefiwa na rafiki wa karibu: tupeane uzoefu

Mgeni wa Mwanga

Salaam wapendwa. Nimefungua uzi huu kwa ajili yetu tuliohamia mahali tusipojulikana huku tukiwa na msiba wa rafiki. Sijataja mzazi wala ndugu, ingawa uchungu wao haupimiki. Nataja rafiki kwa sababu msibani kwake hatupangiwi mahali. Wafiwa wanajulikana, wanakaa ndani kwenye mkeka, wanapewa mkono. Rafiki unafika na rambirambi yako, unamenya vitunguu uani na wenzako, jeneza likishashushwa unarudi kwako na kesho unatakiwa kazini.

Mimi kwetu Tanga, kazi yangu ni ya maabara. Barua ya uhamisho wa kuja Kigoma ilitoka wakati nampeleka rafiki yangu kliniki. Tulikaa dawati moja sekondari, tukapanga chumba kimoja chuoni, na binti yake wa kwanza ana jina langu. La marehemu nalihifadhi kwa heshima ya wazazi wake. Uhamisho ule aliufurahia kuliko mimi. Alitaka apone apande treni mpaka reli inapokomea, alione Ziwa Tanganyika, ale samaki wa huku, migebuka, mpaka achoke. Hakupona. Nilimzika mizigo yangu ikiwa imeshafungwa.

Kituoni kwangu kwa zamani niliomba siku za kwenda mazishini, nikaonyeshwa karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imetaja siku nne zenye malipo ukifiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa. Rafiki hayumo. Simlaumu aliyenisomea, alisoma kilichoandikwa. Ila nilitoka pale nimeona haya, utadhani nimedai haki ya mtu mwingine.

Nikapata chumba Mwanga, hapa Kigoma mjini. Wenyeji wa Kigoma wana salamu ndefu zenye heshima. Asubuhi ni "mwakeye", kisha mama anainama kidogo, anapiga makofi taratibu, anauliza ulivyoamka, huko ulikotoka, wazee, safari. Nami kila swali najibu njema. Njema, njema, mpaka nikaanza kupita njia ya nyuma nisikutane na mtu. Tanga hata muuza vitumbua angeniuliza, "Mwenzio yu wapi leo?" Hapa hakuna hata mmoja aliyewahi kutuona wawili. Nisipomtaja mimi, katika mji huu mzima hatajwi.

Mwenye nyumba wangu ni mama wa Kiha, mtu mzima. Jioni moja tulikuwa uani tunachagua dagaa, akaniuliza mbona sahani yangu inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Nikamwambia. Akaweka ungo chini, akauliza, "Alikuwa mtu wa namna gani, mwanangu?" Hakuuliza aliugua nini, wala kaacha watoto wangapi. Nikaanza kusema. Adhana ya isha ikatukuta pale pale, dagaa hawajachaguliwa hata nusu.

Jumamosi yake akaniambia nisiende sokoni. Kumbe amewaambia kina mama wa mtaa. Walikuja na mikeka, sukari, majani ya chai, mmoja na unga, wakakaa uani, wakanipa mkono mmoja mmoja: "Pole, mfiwa." Sikuwa nimeitwa hivyo tangu azikwe. Akaomba dua mama wa Kiislamu, akafuatia mama wa Kikristo, halafu wakasonga ugali na kupika migebuka kwa mawese. Msiba ulikuwa wa Tanga, wao ni watu wa Kigoma, na marehemu hawakuwahi kumwona hata kwa picha. Mpaka leo nikipita wananiuliza kwanza, "Moyo unaendeleaje?"

Kwa hiyo langu ni hili: ukihamia ukiwa na msiba, usingoje uzoeane na watu ndipo useme. Tafuta mtu mzima mmoja wa mtaa, mwambie mapema. Tena mtajie jina.

Wengine mlifanyaje? Na arobaini ikiwa inasomwa mbali, mliendaje?

Mwalimu wa Kiganza

Pole sana dada. Mimi ni mwalimu, nilitokea Mbeya. Rafiki yangu, fundi seremala, alifariki kwa ajali ya pikipiki nilipokuwa ndiyo kwanza nimeripoti, mshahara haujaingia, nauli sina. Mazishi niliyaona kwenye simu, picha inakatakata. Kesho yake nikaingia darasani.

Mimi sikumwambia mtu. Nilikwenda Kibirizi, kule boti za vijiji vya kaskazini zinakoondokea, nikawa nakaa na wavuvi. Wa pwani huenda hamjui: dagaa wa hapa huvuliwa usiku kwa taa, wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, kwa hiyo siku hizo wavuvi wako nchi kavu, wanashona nyavu na kuziba mashua. Ndizo siku nilizokuwa nakwenda.

Wale watu wamepoteza wenzao ziwani, na wengine hawakupatikana. Ziwa hili kina chake kinafika karibu mita 1,470. Nilidhani watakuwa hawapendi kuwataja. Nikakuta wanawataja kazini, mikono ikiwa imeshika uzi: fundo hili ni la fulani, yeye alikuwa analifunga hivi. Hawashushi sauti, hawakohoi kwanza. Mzee mmoja akaniuliza wangu alikuwa na kazi gani. Nikasema seremala. Akanionyesha ubao wa mashua uliopasuka, akauliza, "Yeye hapa angefanyaje?" Nikamweleza alivyokuwa anachagua ubao kwa kuugonga na kidole na kusikiliza, alivyokataa msumari mahali ambapo gundi inatosha. Tukabishana naye kuhusu gundi na maji ya ziwa, kwa muda mrefu kweli. Nilirudi nyumbani nimemzungumza rafiki yangu jioni nzima, na hakuna aliyeniambia jikaze.

Hilo neno jikaze wanaume tunapewa bure kila mahali. Naomba tuliache.

Mpenda Kwaya

Poleni wote. Kwa uzoefu wangu dawa ni kujichanganya. Jiunge na kwaya, na vikoba, na michezo, usipate nafasi ya kukaa peke yako. Nilifanya hivyo nilipohamia Kasulu na nikavuka.

Bibi wa Ujiji

Mwanangu Mpenda Kwaya, nakubali nusu. Kwaya ni njema. Lakini kumwambia mfiwa asipate nafasi ya kukaa, hapana. Nimewaona waliokimbia hivyo, miaka inapita, siku moja wanalia kwa jambo dogo la kuvunjika kikombe na hakuna anayeelewa.

Nami niseme na wenyeji wenzangu, maana mleta mada ameongea na wageni tu. Mji wetu huu umejengwa na waliohama. Wazee wetu wengi walivuka ziwa kutoka Manyema, huko Kongo, wengine walikuja na misafara kutoka pwani, wote hao walikuja na watu wao waliowaacha makaburini njiani. Kwa hiyo kumpokea mgeni mwenye msiba si jambo geni kwetu, na tukiliacha tunapoteza kitu chetu. Mgeni akikwambia amefiwa na rafiki, usimuulize, "Ni ndugu yako wa damu?" Swali hilo linamfunga mdomo. Muulize huyo rafiki alipenda nini, alichekeshwa na nini. Mpikie. Siku ya tatu pita tena.

Wajukuu zangu wakipelekwa pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone wanarudi na habari ya Stanley, walivyokutana hapa kwetu 1871. Mimi huwaongezea habari ya Susi na Chuma. Livingstone alipofariki 1873 huko ambako leo ni Zambia, hao na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba kwa miguu mpaka pwani, wakafika Bagamoyo 1874. Hawakuwa watoto wake wala ndugu zake. Walikuwa wamesafiri naye miaka. Nani atasema hawakuwa wafiwa?

Mnyamwezi wa Reli

Najibu lile swali la arobaini. Mimi ni mtu wa Tabora, nilihamia Kigoma kikazi. Rafiki yangu tulikuwa na mizinga yetu ya nyuki upande wa Sikonge, tangu hatujaoa. Alipofariki nilichelewa. Treni kutoka hapa mpaka Tabora ni kilomita zipatazo 400, nilipofika wameshazika na turubai limeshushwa. Nilijisikia vibaya mno, nikataka kugeuza.

Mama yake akanizuia. Akasema waliowahi mazishi ni wengi, wanaorudi watu wakishatawanyika ni wachache, na yeye anawahitaji zaidi hao. Alisema kweli. Siku za mwanzo nyumba imejaa, mama mzazi hasikii hata unachomwambia. Nikakaa naye, tukahesabu mizinga, tukaongea madeni aliyoacha na aliyokuwa anadai. Kuna mchezo wa fedha alikuwa anacheza na zamu yake ilikuwa haijafika. Mimi na wenzetu tulichukua nafasi yake tukawa tunachangia kwa zamu, siku ilipofika mjane akapokea fedha yote. Ile kazi ilinituliza kuliko maneno.

Kwa hiyo dada, ukikosa mazishi, nenda arobaini. Ukikosa arobaini, nenda siku yoyote ya kawaida. Piga simu kwanza, uliza nyumba inahitaji nini, usibebe tu soda. Na mizinga tuliendelea nayo. Asali ikirinwa, fungu lake linakwenda kwa watoto.

Muuza Mawese

Mimi kijana wenu wa Mwandiga, nauza mawese. Nilihamia hapa kutafuta maisha, rafiki yangu akabaki Mwanza, akafariki huko. Nina jambo moja tu la kuwatahadharisha.

Nilikuwa na tabia ya kuipiga namba yake. Najua haipatikani, lakini nilikuwa napiga tu, halafu naendelea na kazi. Siku moja ikaita. Akapokea mwanamke, sauti nzuri tu, akasema laini ameinunua. Laini isipotumika muda mrefu hugawiwa mtu mwingine, sikuwa nalijua hilo. Nilikaa kwenye madumu yangu mpaka wateja wakaondoka. Yule dada alinipigia mwenyewe baadaye kuniuliza kama niko salama, Mungu ambariki.

Kama familia ya marehemu inaweza, waitunze laini ile hai kwa muda. Na zile sauti zake za WhatsApp zihifadhini mahali pengine kabla simu haijaharibika au kuibiwa.

Nesi wa Zamu

Nimewasoma wote na nimeguswa. Naongeza kidogo kwa upande wa kazi yangu. Kulia, kukosa hamu ya kula siku za mwanzo, kumsikia marehemu akikuita, haya huwapata wengi na si ugonjwa. Lakini usingizi ukipotea wiki baada ya wiki, ukaacha kula mpaka nguo zinakupwaya, ukaanza kunywa pombe ili ulale, au likakujia wazo la kumfuata marehemu, usilibebe peke yako. Hilo la mwisho ni la leo leo, halingoji kesho. Kwa Kigoma nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, ueleze waziwazi kwamba umefiwa na kinachokusumbua ni nini. Usiseme kichwa kinauma, utapewa dawa ya kichwa. Mwombe mtu akusindikize. Wageni wanachelewa kuja kwa sababu hawana wa kuwasindikiza, basi hata jirani uliyemjua jana anatosha.

Mpenda Kwaya

Bibi, nimekuelewa. Nikiwa mkweli kwaya ilinisaidia kwa sababu mwalimu wetu alituuliza kila mmoja anamkumbuka nani mwezi wa Novemba, tukaimba kwa ajili yao. Nilimtaja rafiki yangu pale kwa mara ya kwanza.

Mgeni wa Mwanga

Asanteni wote, nimesoma huku nafuta machozi. Mnyamwezi, umenifungua macho. Arobaini ilipita nikiwa kazini, nikadhani nimeshapoteza nafasi. Nimempigia mama yake leo. Nilimuuliza kama ulivyosema, akaniambia anahitaji mtu wa kumsaidia kufuatilia karatasi za mafao ya marehemu, wakwe hawaelewani. Hizo ninaziweza hata nikiwa huku, na likizo nitakwenda.

Muuza Mawese, mdogo wangu, nina sauti zake nyingi kwenye simu, nyingine za wodini. Sijathubutu kuzigusa, naogopa nikibonyeza itaanza kusema. Je, naweza kuzihifadhi bila kuzisikiliza?

Muuza Mawese

Unaweza dada. Usiguse kile kialama cha kuchezea. Shika ujumbe wenyewe, ubonyeze bila kuachia mpaka ujichague, kisha gusa na hizo nyingine, zote zitajichagua. Halafu tafuta alama ya kutuma nje, zipeleke kwenye barua pepe yako mwenyewe. Kama ni nyingi, zipeleke kwa mafungu. Ukiona mkono unatetemeka mpe mtu unayemwamini akufanyie, wewe kaa chumba kingine. Baadaye ziweke na kwenye flashi, zikae sehemu mbili. Andika majina ya mafungu kwa tarehe, za wodini peke yake na za zamani peke yake, ili siku ukitaka kusikia akicheka usiangukie zile za wodini.