Drili ya mtumba haina chaja: niunge ya laptop, ninunue mpya, au nibadili seli?

Mpiga Msasa: Wakuu, nimechukua drili ya mtumba Kariakoo, ina betri mbili, chaja hamna. Muuzaji kaniambia chaja zimejaa tele. Nimezunguka maduka saba, hakuna inayoingia. Fundi wa mtaani anataka kunichajia kwa chaja ya laptop. Nimpe? Jumamosi nina kazi ya kabati la mtu.

Volti Ndogo: Betri aina gani? Volti ngapi? Unaomba dawa ugonjwa hujautaja. Geuza betri, soma lebo.

Mama Randa: Nunua drili ya waya, achana na mateso.

Volti Ndogo: Na umeme ukikatika, mama?

Mpiga Msasa: Samahanini. 14.4V, 1.3Ah, Ni-Cd.

Volti Ndogo: Haya. Ni-Cd ni betri ya nikeli na kadimiamu. Humo kuna seli 12 za volti 1.2. Zikikaribia kujaa zinapanda hadi volti 17 hivi, kwa hiyo chaja ya betri ya gari haikufikishi. Ya laptop ya 19V inatosha, ila usiunge kavu kavu. Kwenye waya wa chanya pitisha balbu ya gari ya 12V, wati 5, ile ndogo ya pembeni. Itapita kama ampea 0.2. Kaa nayo kwa muda wa saa tisa hadi kumi, ukiishika betri mara kwa mara. Ikianza joto, chomoa.

Mkeka Ulioungua: Ahakikishe ni Ni-Cd kweli! Mimi yangu ilikuwa lithiamu, seli tatu, mwisho wake volti 12.6. Nikaruka saketi ya ulinzi, nikabana waya za chaja ya 19V kwenye seli zenyewe, nikaenda kuoga. Narudi nasikia inafoka kama nyoka, halafu moshi. Nikaibeba na koleo la jikoni mpaka uani. Mkeka una tundu hadi leo, na mke wangu kila mgeni anaonyeshwa.

Jamaa wa Gikomba: Ni-Cd ni za kizamani. Toa zote, weka 18650 nne, zile seli za lithiamu, na BMS yake, yaani saketi ya ulinzi. Mimi nimeweka za 9900mAh, noma sana.

Volti Ndogo: 9900? Hakuna 18650 ya kweli inayofika hata 5000. Umeuziwa lebo.

Jamaa wa Gikomba: Zinafanya kazi lakini.

Volti Ndogo: Zipime kwanza, ndipo tuongee.

Mama Randa: Mmemsahau mwenye kabati.

Mpiga Msasa: Nimeazima mita. Moja inasoma 13.1, ya pili 2 tu.

Volti Ndogo: Anza na ya 13.1. Hiyo nyingine ifungue upime seli moja moja, na usizitupe jalalani, kadimiamu ni sumu.

Jamaa wa Gikomba: Hiyo ya 2 unauza? Nataka gamba lake tu.